Kicheko Ndani ya Kanda

Muleba,
10 Februari 2025

Mama Nuriat,

Kanda ya mjane na kengele imefika salama kwa kondakta wa haisi, ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti kama ulivyozoea. Siku nyingine ningekushukuru, ningekusimulia tulivyoiona, kisha ningeomba nyingine. Leo siwezi kuanza hivyo. Jana hapa nyumbani limetokea jambo ambalo mpaka sasa sijui niliite nini.

Unajua kwa nini sisi wazee wawili tunang'ang'ania kanda za filamu alizotafsiri kwa sauti yake marehemu Mustapha wakati vijana wanatuletea filamu zilezile za zamani zikiwa safi kwenye sidii. Tangu Agnetha apoteze macho, filamu yenye maandishi chini haimsaidii kitu. Mumeo, Mungu amrehemu, alikuwa hatafsiri maneno tu. Alisema kila kitu: huyu anaingia, ameficha kisu mgongoni, mtazameni mwongo huyo anavyotabasamu. Mke wangu anakaa kwenye kiti chake na kahawa yake ya kutafuna, anaiona filamu nzima kwa mdomo wa mumeo. Mimi mwenye macho ndiye ninayemuuliza yeye nani ni nani.

Basi jana baada ya ibada tukaweka kanda kwenye deki. Ikafika pale ambapo mlevi anajaribu kumpanda punda na punda hataki. Nyuma ya sauti ya Mustapha mtu mmoja akacheka. Hilo si jipya, kanda zenu zote zina watu, vikombe, mvua kwenye bati. Lakini Agnetha alisimama. Aliniambia, "Huyo ni Projestus."

Projestus ni mtoto wetu, mmoja tu tuliyejaliwa. Alipanda meli kwenda Mwanza kuanza kazi, Mei 1996, na meli ikazama. Hatukupata hata kiatu chake cha kuzika.

Nilirudisha kanda nyuma nikasikiliza mwenyewe. Mama Nuriat, nimefundisha hesabu maisha yangu yote, siamini mambo hovyo. Lakini nilishika meza kwa mikono miwili. Anavuta hewa ndani kwanza, kama mtu aliyeungua na uji. Ananyamaza, unadhani ameacha. Halafu kinalipuka, na anapiga paja kwa kiganja, paa, paa. Ndivyo mwanangu alivyocheka, na sijawahi kumsikia mtu mwingine duniani akicheka hivyo.

Naomba unijibu upesi. Kanda hii ilirekodiwa lini, na wapi? Mwanangu nilimkataza kwenda kwenye mabanda ya video. Je, alikuwa anakuja Bukoba kwa siri kumsikiliza mumeo? Agnetha anaisikiliza sehemu hiyo tangu asubuhi. Hataki chakula, hataki nizime.

Ni mimi,
Kamala


Buhembe, Bukoba,
15 Februari 2025

Mwalimu, shikamoo. Na mama naye mpe shikamoo yake.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na nilipofika kwenye jina la mtoto ilibidi nikae palepale kizingitini. Nuriat alidhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia, ni msiba, lakini wa zamani, na sijui kama ndio unaisha au ndio unaanza.

Mwalimu, nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Tangu tumzike Mustapha, mimi sijasikiliza kanda hata moja. Nakuchagulia kwa kutazama picha ya kasha tu. Sauti yake siiwezi. Juzi kwa ajili yenu nikajikaza, nikamwambia Nuriat aweke yoyote. Mume wangu akasema, "Mabibi na mabwana, kaeni vizuri, leo kuna mtu atalia." Nikatoka nje mbio. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu nikaweza.

Sasa lililo gumu. Sijui nilizungushe vipi, kwa hiyo sitalizungusha. Kicheko hicho ulichokieleza, cha kuvuta hewa na kupiga paja, nakifahamu. Ni cha shemeji yangu Jamali, muuza samaki, mdogo wake Mustapha. Kanda hizo hazikurekodiwa kwenye banda. Zilirekodiwa hapa sebuleni kwetu, majirani wamejaa, na Jamali hakosi.

Usiniamini mimi, isikilize mwenyewe. Mara tu baada ya kicheko, kama kanda ni ile ninayoikumbuka, kuna mtoto mchanga analia na mwanamke anambembeleza. Mtoto ni Nuriat, alikuwa anaota meno. Mwanamke ni mimi. Na Nuriat, Mwalimu, alizaliwa mwaka 1999.

Nisamehe. Naona kama nimemuua mtoto wa watu.

Maulida


Muleba,
24 Februari 2025

Mama Nuriat,

Nimesubiri Agnetha aende kwenye kikundi cha akina mama kanisani ndipo nikasikiliza. Mtoto yupo. Na wewe upo, unaimba kwa sauti ya chini. Nilizima deki, nikaenda kukaa migombani mpaka nikaitwa.

Sijamwambia. Na nakuomba, kwa heshima zote, usimwambie.

Kabla hujanishangaa nisikilize. Tangu meli izame, jina la mtoto halikutajwa ndani ya nyumba hii. Yeye hakulitaja na mimi sikuthubutu. Tuliishi hivyo, tukazeeka hivyo. Sasa anaongea! Jana ameniambia jinsi Projestus alivyofuga panzi kwenye kopo akidhani watakuwa senene wa kukaanga. Juzi amenikumbusha siku alipoanguka na mkungu wa ndizi kichwani akasema mkungu ndio ulioanguka naye. Anakula. Anaomba filamu kabla sijamwuliza. Nikimwambia kwamba ni muuza samaki wa Bukoba, unadhani atanyamaza miaka mingapi tena? Mimi sina miaka hiyo.

Kwa hiyo nakuomba kanda nyingine ambazo Jamali anacheka, lakini ambazo hakuna anayemtaja jina. Maana marehemu alikuwa na tabia ya kuwatania wasikilizaji wake kwa majina. Uzisikilize kwanza. Najua nakuomba kitu kikubwa.

Na usipige simu. Agnetha kila simu anataka iwekwe spika, na masikio yake sasa yanasikia hata mtu anavyomeza mate.

Kamala


Buhembe,
8 Machi 2025

Mwalimu, shikamoo.

Kumbe walimu nao! Nimefunga Ramadhani, nashinda na njaa nijikurubishe kwa Mola wangu, na mwalimu mzima wa Kilutheri ananiandikia nimsaidie kudanganya mama mwenye mtoto aliyezama. Nimeshtuka, sikufichi. Niliikunja barua yako nikaiweka chini ya unga, nikasema sijaiona.

Halafu nikamfikiria anavyosimulia habari za panzi kwenye kopo. Nikaitoa.

Basi kazi yangu ya mchana imekuwa hiyo, mimi na Nuriat na tumbo lake la miezi saba, tunasikiliza kanda moja baada ya nyingine. Mwalimu, sikujua mume wangu alikuwa na maneno kiasi kile. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi ya wageni wake, sikuwahi kuangalia filamu ikaisha. Ile ya bibi harusi na chatu imeniliza, na ile ya polisi mnene nimecheka mpaka Nuriat akaniambia mama, swaumu. Nilikuwa naiogopa sauti ile, na sasa ikifika saa tisa naitafuta.

Lakini umesema kweli, anataja watu. "Byabato, ondoa kofia, huyu mama nyuma haoni." "Jamali, mdogo wangu, cheka taratibu, unanifunika." Karibu kila filamu ya kuchekesha amemtaja. Za huzuni hamtaji, ila za huzuni huyo naye hacheki. Tumepata moja tu inayofaa, ya askari na pacha wake. Anacheka vizuri mara mbili na hakuna jina. Ndiyo hiyo naituma leo.

Jamali mwenyewe hajui lolote. Jana ameniletea sangara wa futari, anacheka na jirani getini, na mimi nimesimama ndani namsikiliza kama mwizi. Nikajiuliza, hivi tunamfanyia nini huyu mtu?

Maulida


Buhembe,
10 Machi 2025

Mwalimu, USIIWEKE HIYO KANDA!

Kasha ni la askari na pacha, ndani si yenyewe. Mustapha na makasha yake, Mungu amlaze pema, hakuwahi kurudisha kanda kwenye kasha lake hata siku moja, na mimi nimeamini picha ya nje kama ninavyofanya siku zote. Ya askari bado iko hapa, nimeikuta ndani ya deki. Niliyotuma ni ya kinyozi wa mfalme, na mle ndani anamtaja Jamali waziwazi, jina na kazi na ukoo.

Nimepiga simu nikasahau ulilosema. Akapokea mama mwenyewe. Nikabaki namwuliza hali ya migomba. Akaniambia migomba haijambo, na kwamba leo mnaangalia ya askari.

Namkimbilia kondakta na barua hii. Kama imewahi, itoe kwenye deki uifiche. Kama haikuwahi, Mungu atusaidie.

Maulida


Muleba,
17 Machi 2025

Maulida mwanangu,

Hii inaandikwa na Benigna, jirani yangu, mzee wa kanisa, kwa maneno ninayoyasema mimi. Nimemwambia asiyapunguze ukali hata kidogo.

Barua yako ya kukimbizwa ilifika jioni. Kanda tulishaiangalia mchana.

Nilimsikia mumeo akisema, "Jamali muuza samaki, mdogo wangu wa tumbo moja, nenda ukachekee nje." Ningeweza hata kulipita jina hilo, maana masikio yangu yalikuwa kwenye kicheko. Ila mzee wangu aliruka kitini kama amekalia siafu, akakimbilia kupunguza sauti, akaangusha kikombe. Maawe! Mwanaume aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo hajui kudanganya hata kipofu. Nikamwambia kaa chini, waitu, mzee wangu, sema. Akasema yote. Barua zenu nimesomewa zote.

Nimelia, sikatai. Nimelia siku mbili, nimemzika mwanangu mara ya pili. Mara ya kwanza nilisimama pale ufukweni Bukoba siku ngapi sijui, watu wanasoma majina, nasikia la huyu na la yule. Najua amekufa, Maulida. Nilijua hata siku ile nilipoinuka kitini. Macho yamekwenda, akili ipo. Siku ile nilisema ni Projestus kwa sababu mdomo uliniponyoka, na baada ya hapo nikaona ni vizuri kumwita. Tangu ameondoka hakuna aliyemwita.

Kwa hiyo hasira yangu si kwamba mmeniambia au hamkuniambia amekufa. Hasira yangu ni hii, uisikie vizuri. Kuna mtu anacheka kama mwanangu. Yuko hai. Anauza samaki Bukoba, nikipanda gari asubuhi nafika kabla samaki hawajaisha. Na ninyi wawili, mwalimu mzima na mwanamke mwenye swala tano, mmejifungia mnanichagulia kanda! Mnanipa kicheko kilichokauka, na kibichi kipo!

Nani aliwatuma? Mlidhani nitavunjika? Ningekuwa wa kuvunjika ningevunjika zamani.

Mleteni huyo mtu. Aje akae hapa kwangu, ale ebitoke, ndizi zangu za kupika, tuangalie filamu. Achague yeye.

Benigna anauliza kama aandike salamu. Mwambieni Jamali salamu.

Agnetha, mama yake Projestus


Buhembe,
2 Aprili 2025

Mama, shikamoo. Shikamoo tena.

Sina la kujitetea. Nilisomewa makosa yangu na Benigna nisiyemjua mpaka nikasikia haya mbele ya karatasi. Umesema kweli. Nilikuonea huruma nisiyoombwa.

Sikukuu ya Idi Jamali alikuja kula. Nikamweka chini nikamwambia kila kitu. Mama, yule mtu hakai kimya hata akiwa na homa, lakini siku ile alikaa kama ameambiwa ameshtakiwa. Mwisho akasema, "Shemeji, mimi sikujua nacheka namna gani. Hakuna aliyewahi kuniambia." Halafu akakataa. Anasema atakujaje kwenye nyumba ya msiba acheke kwa kuagizwa, na akija asipocheka itakuwaje. Siku nzima sikumsikia akicheka, hata watoto walipomwagia pilau paka. Nikaogopa kwamba tumemharibu.

Jana asubuhi kaja mwenyewe na kanda mkononi. Amechagua ya mjane na kengele, ileile mliyonirudishia. Amesema kama ni kumkuta, wamkute palepale walipomsikia. Atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Mimi siwezi kutoka, Nuriat amekaribia. Namtuma yeye na sangara wawili.

Mpokeeni. Ana hofu kama bwana harusi.

Maulida


Muleba,
13 Aprili 2025, Jumapili ya Mitende

Mama Nuriat,

Nianze na habari mbaya, maana inakuhusu wewe, na sitaki uisikie kwa Jamali. Deki yangu imekula kanda yako. Imetafuna sehemu kubwa ya ukingo wake, ule unaobeba sauti. Picha zimebaki. Sauti ya Mustapha katika filamu hiyo imekwenda na hairudi. Nimeikunjua kwa mkono, nimeiweka kwenye meza, nimeshindwa kulala. Najua umeanza juzi tu kuweza kuisikiliza. Naomba msamaha wako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Jamali alifika saa nne, shati jeupe, samaki kwenye ndoo. Aliposema "shikamoo, mama," Agnetha hakumwachia mkono. Alimpapasa vidole, kiganja, akafika kwenye kiwiko. Akasema, "Mfupi. Mwanangu alikuwa mrefu." Jamali akajibu, "Ndiyo, mama, samahani." Akaomba msamaha kwa ufupi wake! Nikaona jambo hili litatushinda.

Tulikula. Kisha tukaweka kanda. Jamali alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini kama anapigwa picha. Agnetha aligeuza uso kumwelekea yeye, si runinga. Mimi nilikuwa namtazama Jamali, yeye anaitazama filamu kwa kuogopa. Ikafika kwa mlevi na punda. Mustapha akasema maneno yake. Jamali wa kwenye kanda akacheka. Jamali wa kwenye kiti hakucheka. Alijifuta jasho kwa ukosi wa shati. Nilitamani sakafu ipasuke.

Hapo ndipo deki ilipokoroma. Sauti ya mumeo ikawa nzito, ikavutika, ikakata. Mlevi anaendelea kupanda punda na nyumba nzima kimya.

Agnetha akashtuka vibaya. Akanyoosha mikono mbele. "Kuna nini? Mbona giza? Kamala, mbona giza?" Sikuwahi kufikiri kwamba kwake yeye sauti ikikata ndio taa imezimwa. Nilisimama nisijue nianze na deki au na yeye.

Ndipo nikasikia sauti ya Mustapha. "Tulia, mama, punda bado yupo."

Nilitazama deki, imekufa sauti. Alikuwa ni Jamali. Filamu anaijua yote, na sauti ni ya kaka yake kabisa, hata ule mvuto wa puani. Akaendelea palepale ilipokatika. Mwanzoni alisema maneno ya kaka yake. Mlevi akaanguka kwenye tope, na Jamali akasahau hofu, akaanza kuweka ya kwake. "Punda anamtazama. Anasema, we bwana, tangu asubuhi unanipanda, hata shikamoo hujanipa? Mimi nina wajukuu!"

Mtu akavuta hewa ndani.

Nilimgeukia Jamali kwa furaha, nikiwa tayari kulia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Naye alikuwa anageuka kutazama upande wa pili, macho yamemtoka.

Ukimya ukapita, kama kawaida yake. Halafu kikalipuka, na kiganja kikapiga paja, paa, paa. Agnetha alikuwa amejikunja kwenye kiti chake anacheka, kanga imemdondoka begani, machozi yanamtiririka, na bado anapiga paja.

Katika barua yangu ya kwanza nilikuandikia kwamba sijawahi kumsikia mtu mwingine duniani akicheka hivyo. Yafute maneno yale. Nilioa msichana aliyecheka hivyo. Mama yangu alimlalamikia kwamba anashtua kuku. Mtoto alikipata kwake, hakukitoa mbinguni. Nimekaa naye nyumba moja tangu meli izame, chumba kimoja, meza moja, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni chake. Nilidhani kimezama.

Jamali naye alipoona hivyo akashindwa kujizuia. Wakawa wawili, huyu akinyamaza yule analipuka. Kuku walitawanyika uani kweli.

Alipopata pumzi Agnetha alinitafuta kwa mkono, akanipata. Akasema, "Kamala, kumbe bado kipo." Akasema hivyo tu, halafu akamwuliza Jamali punda alijibiwa nini.

Kanda hiyo bubu naomba uniachie, kama unaweza kunisamehe. Agnetha hataki nyingine kwa sasa. Jamali amesema atarudi Jumamosi akishauza samaki, na kwamba wiki hii mjane ataolewa na punda.

Msalimie sana Nuriat. Mtoto akizaliwa, mlete tumsikie.

Kamala